Joto Liponyalo na Joto Liunguzalo: Wajibu wa Kisheria wa Mtaalamu wa Fiziotherapia

Fiziotherapia ni taaluma itumiayo mazoezi, mikono, maji, joto, baridi na umeme ili kuurudishia mwili uwezo uliopungua kwa ajali, maradhi au uzee. Kwa kuwa taaluma hii haitumii kisu, watu wengi hudhani kwamba haina hatari, na kwamba mtaalamu wake hawezi kushtakiwa. Dhana hiyo si sahihi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza, kwa mfano mmoja wa tiba ya joto, jinsi sheria ipimavyo kazi ya mtaalamu huyu.

Mfuko wa joto utumikao hospitalini huhifadhiwa katika maji yenye nyuzi 70 hadi 80 hivi za Sentigredi, kisha huzungushiwa taulo tabaka kadhaa kabla ya kumgusa mgonjwa. Uchunguzi wa Moritz na Henriques uliochapishwa mwaka 1947 ulionyesha kwamba ngozi iliyoguswa na joto la nyuzi 44 huungua baada ya saa 6 hivi, lakini kwa nyuzi 60 huungua kwa sekunde chache tu. Basi kuungua hutegemea mambo mawili: ukali wa joto na muda wa kuguswa. Mtu mwenye hisia kamili hulalamika mapema. Lakini mgonjwa wa kisukari cha miaka mingi, wa ukoma, au aliyeumia uti wa mgongo, huenda asihisi lolote hata ngozi inapoharibika. Kwa sababu hiyo mtaalamu hufundishwa kuanza kwa kupima hisia: mgonjwa hufumba macho, akaguswa kwa chupa ndogo ya maji ya moto na nyingine ya maji baridi, akataja ipi ni ipi. Kazi hiyo huchukua dakika chache.

Tuchukulie sasa kwamba mgonjwa wa kisukari amewekewa mfuko wa joto mguuni bila kupimwa, akaachwa peke yake, na kesho yake malengelenge yakageuka kidonda kisichopona. Je, mtaalamu anawajibika?

Mahakama za nchi zilizorithi misingi ya sheria ya Uingereza, Tanzania na Kenya zikiwamo, huuliza maswali manne. Kwanza, je, mdaiwa alikuwa na wajibu wa uangalifu kwa mdai? Msingi wa wajibu huo ulielezwa kwa upana mwaka 1932 katika shauri la Donoghue dhidi ya Stevenson: kila mtu ajihadhari na matendo ambayo aweza kutambua kwamba yatamdhuru jirani yake. Pili, je, aliuvunja wajibu huo? Tatu, je, kuuvunja ndiko kulikoleta madhara? Nne, je, madhara yenyewe yapo? Mdai hana budi kuyathibitisha yote manne. Kutopona peke yake si ushahidi wa uzembe.

Swali la pili ndilo gumu. Katika shauri la Bolam la mwaka 1957, mgonjwa alivunjika mifupa ya nyonga alipotibiwa kwa mshtuko wa umeme bila dawa ya kulegeza misuli. Alishindwa, kwa kuwa mtaalamu hahesabiwi mzembe endapo alifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la wataalamu wenzake wenye kuwajibika. Mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, iliongezwa kwamba maoni ya wataalamu hao yapaswa kuhimili mantiki. Na mwaka 2015, katika shauri la Montgomery, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisisitiza kwamba mgonjwa aelezwe hatari zenye uzito kwake kabla ya kuridhia tiba. Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, ila huzishawishi. Katika mfano wetu, ni vigumu kumpata mtaalamu atakayesimama kizimbani na kutetea joto lililowekwa juu ya mguu usiopimwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Tiba nayo ni hivyo hivyo. Tanzania Bara, daawa ya madhara ya namna hii yaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Kwa muda huo hakuna akumbukaye idadi ya taulo. Faili la mgonjwa lionyeshe tarehe, matokeo ya kipimo cha hisia, muda wa tiba, na hali ya ngozi kabla na baada yake. Lisiloandikwa ni vigumu kulithibitisha.

Fidia si jambo pekee. Mwajiri huweza kujibu kwa kosa la mwajiriwa wake akiwa kazini. Kenya inayo Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia ya mwaka 2014, iliyounda baraza la kusimamia taaluma hiyo. Aidha, Kanuni za Adhabu za nchi zetu huhesabu kuwa jinai kumtibu mtu kwa uzembe wa kuhatarisha maisha.

Huenda mtaalamu akasema: ninao wagonjwa wengi, na dakika za kupima sina. Hoja hiyo ni nzito, na wakuu wa hospitali wanapaswa kuisikiliza, kwani nao wana wajibu. Hata hivyo haifungui mlango wa kuweka joto bila kupima. Pasipo nafasi ya kupima, mtaalamu aweza kuliacha joto na kutumia mazoezi. Naye mgonjwa aseme mapema iwapo ana kisukari au ganzi, wala asione haya kuuliza kwa nini hajapimwa. Ngozi isiyohisi haiwezi kujitetea. Wa kuitetea ni yule aliyekubali kuitibu.