Motokaa ya Umeme, ya Mseto au ya Haidrojeni: Ipi Itatufaa?



Siku hizi katika gereji, kwenye vituo vya taksi na hata mashambani wakati wa mapumziko, kuna ubishi usiokwisha. Mmoja husema motokaa ya umeme ndiyo itakayotuokoa na bei ya petroli. Mwenzake hujibu kwamba umeme hukatika, afadhali ile ya mseto yenye injini na betri pamoja. Wa tatu amesikia kuwa ipo motokaa ya haidrojeni inayotoa maji badala ya moshi, naye huziona nyingine zote kuwa za kizamani. Katika ukurasa huu tunapenda kueleza jinsi kila moja inavyofanya kazi, ili tubishane kwa hesabu, na ili tujue ni lipi hasa linalotuhusu sisi tunaoishi kwa jasho letu.

TULIYOIZOEA

Tuanze na motokaa ya petroli. Ukitia lita 10, nguvu ya lita 2 au 3 tu ndiyo hufika kwenye magurudumu. Iliyobaki hugeuka joto na kutokea kwenye radieta na bomba la moshi. Kila dereva afungapo breki, sehemu nyingine tena hupotea kuwa joto. Isitoshe, hapa Uganda mafuta hayo hutoka ng'ambo, na mengi hupitia Mombasa. Mwanzoni mwa 2008, machafuko ya baada ya uchaguzi wa Kenya yalipofunga barabara, petroli iliadimika Uganda, Rwanda na Burundi, na bei ikapanda ghafula. Nauli ilipopanda, aliyeumia kwanza ni mfanyakazi.

MOTOKAA YA MSETO

Motokaa ya mseto ina injini ya petroli na mota ya umeme. Iliyotangulia kuuzwa kwa wingi ni Toyota Prius, iliyotoka Japani mwaka 1997. Dereva akipunguza mwendo, mota hugeuka kuwa dainamo na kuijaza betri kwa nguvu ambayo ingepotea kwenye breki. Kwa hiyo motokaa hii huokoa petroli nyingi mjini, penye foleni na kusimama mara kwa mara. Katika safari ndefu ya barabara kuu faida yake hupungua.

Uzuri wake ni kwamba nyingi hazihitaji kuchomekwa kwenye umeme. Ubaya wake ni kwamba hizo zisizochomekwa chakula chake ni petroli tu, hata kama hula kidogo. Tena nyingi hutufikia zikiwa zimekwisha tumika Japani, betri ikiwa imezeeka, na mnunuzi huujua ukweli siku betri inapokufa.

MOTOKAA YA UMEME

Hii haina injini ya kuchoma mafuta. Ina betri kubwa na mota. Katika kila uniti 10 za umeme unazoijaza, 7 au 8 hufika kwenye magurudumu. Motokaa ndogo huhitaji uniti 15 hadi 20 kwa kilomita 100. Haina plagi za kuwasha moto, haina oili ya injini ya kubadilisha, wala haina bomba la moshi.

Umeme huo kwetu hutoka zaidi katika maji ya Mto Nile: Bujagali tangu 2012, Isimba tangu 2019, na Karuma iliyozinduliwa 2024. Hata mkata miwa wa Kakira anayo sehemu yake, maana kiwanda kile huchoma makapi ya miwa kuzalisha umeme. Na ufundi wenyewe si mgeni kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa motokaa ya umeme ya watu wawili, Kiira EV, mwaka 2011, kisha ya mseto mwaka 2014. Mwaka 2016 likazinduliwa basi la umeme la Kayoola, lenye vyombo vya kunasa jua juu ya paa. Kutokana na kazi hiyo ilianzishwa kampuni ya Kiira Motors, yenye kiwanda chake Jinja.

Lakini kasoro zipo. Bei ya kununulia ni kubwa, kujaza betri huchukua saa kadhaa kwenye umeme wa kawaida, na mzigo mzito na vilima hupunguza umbali. Kwa hiyo hufaa zaidi chombo chenye njia inayojulikana na kinachorudi kulala mahali pamoja, kama basi la mjini, gari la kusambaza mkate au bodaboda. Kule Kigali, tangu Januari 2025 pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa sharti ziwe za umeme. Dereva wake hana haja ya kungoja betri ijae, kwani viko vituo vya kubadilishana betri tupu kwa iliyojaa.

Tusisahau pia betri inatoka wapi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, sehemu za Kolwezi na Likasi, na baadhi yake huchimbwa kwa mikono, katika mashimo yasiyo na ulinzi wowote. Ziko betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti kabisa, na matumizi yake yameongezeka sana. Hata hivyo moshi ukiondoka Kampala na ndugu zetu wakazidi kufukiwa mashimoni Kolwezi, hatutakuwa tumeshinda.

MOTOKAA YA HAIDROJENI

Hii nayo huendeshwa na mota ya umeme, ila umeme wake hutengenezwa ndani ya motokaa yenyewe, haidrojeni inapokutana na oksijeni ya hewani. Kinachotoka ni maji. Hujazwa kwa dakika chache na huenda mbali. Toyota ilianza kuuza Mirai mwaka 2014.

Tatizo ni kuipata hiyo haidrojeni. Sehemu kubwa ya haidrojeni ya dunia hutengenezwa kwa gesi ya ardhini, na moshi wake hutoka kiwandani. Ukitaka iliyo safi, hupasua maji kwa umeme, na kilo moja hutumia uniti zipatazo 55. Kilo hiyo huendesha motokaa kilomita 100 au zaidi kidogo. Uniti hizo hizo 55 ukizitia katika betri, utakwenda kilomita 300 hivi. Zaidi ya hayo, gesi hiyo hushindiliwa kwenye tangi kwa presha mara 300 hivi ya ile ya tairi la motokaa, na vituo vyake ni ghali mno. Hata Marekani, katika jimbo la California, kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya motokaa ndogo mwaka 2024. Huenda haidrojeni ikafaa katika viwanda vya mbolea na vya chuma. Kwa basi letu na bodaboda yetu, hesabu inakataa.

HATARI ILIYOKWISHA INGIA GEREJINI

Kwa maoni yetu, basi, mseto ni wa kupitia, haidrojeni ni ya kungojea, na umeme ndio unaokuja. Lakini liko jambo lisilongoja ubishi huu uishe. Motokaa za mseto tayari zimo gerejini, na betri ya nyingi kati yake ina volti zaidi ya 200. Ya motokaa ya umeme hufikia 400 au zaidi. Nyaya zake zina rangi ya chungwa. Fundi aliyezoea betri ya volti 12 akizikata kwa koleo, anaweza kufa palepale.

Fundi aliyefunzwa huzima motokaa, huweka ufunguo mbali, huvaa glavu maalumu za mpira, huchomoa plagi ya usalama, kisha husubiri dakika zilizoandikwa na mtengenezaji, aghalabu 10, na kupima kabla ya kugusa. Asiyefunzwa asiguse.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Kwa hiyo tunayaomba matawi yote yenye gereji, kiwandani au shambani, yadai mambo matatu katika mkataba ujao wa pamoja. Kwanza, mafunzo yatangulie motokaa, tena katika saa za kazi na kwa malipo. Pili, glavu na vipimo vinunuliwe na mwajiri. Tatu, fundi ambaye kazi yake ya oili na plagi inapungua afunzwe kazi mpya kabla hajaambiwa kuwa hahitajiki. Mkataba wa Paris wa 2015 umeandika kwamba mabadiliko haya yawe ya haki kwa wafanyakazi. Tulinukuu neno hilo mezani.

Motokaa zitabadilika tukitaka tusitake. Mkono wa fundi usiachwe nyuma, wala usiunguzwe.

Umoja ni nguvu.