Hodhi la Maji Moto: Dawa Ipi Ina Usumbufu Mdogo?

Katika Marekani ya Kaskazini na sehemu nyingi za Ulaya, si ajabu kukuta nyuma ya nyumba ya mtu wa kipato cha wastani hodhi kubwa lenye kifuniko, limejaa maji ya moto wa nyuzi 37 hadi 40 za sentigredi, na ndani yake pampu inayosukuma maji na hewa kwa nguvu hata maji yakachemka kwa mapovu bila kuchemshwa. Chombo hiki kilianza kama tiba. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Candido Jacuzzi, mhamiaji kutoka Italia aliyeishi California, alibuni pampu ya kutumbukizwa katika bafu ili kumpunguzia maumivu mwanawe aliyeugua baridi yabisi. Baadaye tiba ikageuka kuwa starehe, na sasa mahodhi ya namna hiyo huonekana pia katika hoteli za watalii kwenye pwani ya Afrika Mashariki.

Tofauti kati ya hodhi hili na bafu la kawaida ni moja, nayo ni kubwa. Maji ya bafu humwagwa mara mtu akiisha kuoga. Maji ya hodhi hukaa kwa majuma mengi, yakitumiwa na watu wale wale au wengine, jioni baada ya jioni. Basi mwenye hodhi hujiuliza swali la haki: nifanyeje ili maji haya yawe salama, nami nisiwe mtumwa wa vipimo na dawa kila siku? Wafanyabiashara wana majibu tele. Huyu huuza mashine ya ozoni, yule taa ya mionzi ya urujuanimno, mwingine madini ya shaba na fedha, mwingine kifaa cha chumvi, na baadhi yao huahidi maji safi "bila kemikali yoyote". Ahadi hizo zaweza kupimwa kwa kemia inayofundishwa katika shule zetu za sekondari, na hiyo ndiyo sababu ya jambo hili la mbali kupewa nafasi katika kurasa hizi.

Tuanze na hesabu. Hodhi la nyumbani huweza kuwa na lita 1500 za maji. Wakiingia watu wanne, kila mmoja ana fungu la lita 375. Ili bwawa la kuogelea la lita 75,000 lisongamane kiasi hicho, ingebidi watu 200 waingie kwa mara moja. Na watu hawa wanne hawakai tu; wanatoka jasho kwa sababu ya joto. Jasho lina urea na chumvi, ngozi ina mafuta na chembe zilizokufa, na vyote hivyo huingia majini. Klorini iliyomo haina macho ya kuchagua adui: huungana na jasho kwa bidii ile ile inayoua bakteria, na ikiisha kuungana, nguvu yake nyingi imekwisha. Joto nalo huharakisha mambo. Kwa mikemikali mingi, kasi hukaribia kuongezeka maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, na mapovu huipeperusha hewani sehemu nyingine ya dawa. Kipimo kilichotosha saa mbili usiku chaweza kuwa kimetoweka kabla ya asubuhi.

Je, kukitoweka kuna hasara gani? Bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa hupenda maji ya vuguvugu, naye huwaletea waogaji vipele vyekundu vinavyowasha, hasa mahali palipofunikwa na nguo ya kuogea. Huo ni usumbufu zaidi kuliko hatari. Legionella ni jambo jingine. Bakteria huyu alitambuliwa mwaka 1977, baada ya homa kali ya mapafu kuwashambulia askari wastaafu waliokutana Philadelphia mwaka 1976. Hustawi katika maji ya vuguvugu, hujificha ndani ya utando wa ute unaojengeka katika mabomba, na humwingia mtu kwa njia ya pumzi. Mapovu yanapopasuka juu ya hodhi hutawanya matone madogo mno, na mtu huyavuta mapafuni bila kujua.

Mwezi Februari mwaka 1999 yalifanyika maonyesho ya maua katika mji wa Bovenkarspel, nchini Uholanzi. Miongoni mwa bidhaa zilizoonyeshwa palikuwa na hodhi la maji ya mapovu. Wageni walipita karibu yake, wakatazama, wakaenda zao. Baada ya siku chache watu walianza kuugua. Jumla yao ilifikia wapatao 200, na 32 wakafa. Wachunguzi walilihesabu hodhi hilo kuwa ndilo chimbuko lenye uwezekano mkubwa kuliko mengine. Msomaji aangalie jambo hili vizuri: waliougua hawakuhitaji kuingia majini. Kupita karibu kulitosha.

Sasa twaweza kuzipima njia zenyewe. Dawa ya maji ina kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuua vijidudu vilivyomo sasa. Ya pili ni kubaki majini, ikivisubiri vitakavyoingia baadaye. Kila mama anayechemsha maji ya kunywa aijua tofauti hii hata kama hajaipa jina. Moto huua kila kiini kilichokuwa sufuriani, lakini maji yakiisha kupoa na kumiminwa mtungini, mkono mmoja mchafu unaochota kwa kata huyarudisha yalikotoka. Maji yaliyotiwa klorini hujilinda kwa muda, kwa sababu dawa kidogo imesalia ndani yake. Salio hilo ndilo linaloamua mambo yote ya hodhi.

Ozoni ni muuaji hodari. Molekyuli yake ina atomi tatu za oksijeni, na ile ya tatu hutoka upesi kwenda kuoksidisha chochote iliyokutana nacho. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haidumu. Katika maji ya moto huvunjika kwa muda mfupi tu, na jambo hilo hutukia ndani ya bomba au karibu yake. Mionzi ya urujuanimno huua pia, ila huua yale maji tu yanayopita mbele ya taa wakati pampu inapofanya kazi. Kijidudu kilichong'ang'ania utando wa ute upande wa pili wa hodhi hakiguswi kamwe na taa hiyo. Ayoni za shaba na fedha hudumu majini, lakini huua polepole mno, na mtu aliyeketi karibu na mwenzake mwenye ugonjwa wa kuhara hawezi kusubiri. Kwa hiyo vifaa hivi ni wasaidizi wazuri, maana hupunguza kiasi cha dawa kinachohitajika. Anayevitegemea peke yake ameajiri mlinzi anayelala.

Wanaobaki ni klorini na bromini. Klorini ikiingia majini hutoa asidi hipoklorasi, HOCl, ambayo ndiyo muuaji mwenyewe. Asidi hii ni dhaifu na huachana na ayoni yake ya hidrojeni kwa sehemu tu:

HOCl ⇌ H⁺ + OCl⁻

Ayoni ya OCl⁻ ina nguvu ndogo sana ya kuua ikilinganishwa na asidi yenyewe. Kipimo cha pH kikiwa 7.0, kama robo tatu ya klorini huwa katika umbo la asidi, kikiwa 7.5, nusu, kikiwa 8.0, robo tu. Mtu aweza kupima klorini yake, akaona tarakimu ile ile ya jana, kumbe walinzi watatu kati ya wanne wamelala.

Hapa ndipo mapovu yanapoleta hila ambayo wenye mahodhi wengi huishangaa. Maji ya bomba huwa na kaboni dayoksaidi iliyoyeyuka, nayo huyapa asidi kidogo. Hewa inaposukumwa majini, gesi hiyo hufukuzwa, na pH hupanda yenyewe bila mtu kutia kitu. Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa gharama ndogo. Chukua bilauri ya maji, tia chembe kidogo za magadi ya kuokea na matone machache ya kiashiria cha bromothaimoli buluu. Maji yatakuwa ya buluu. Mwanafunzi apulize pumzi ndani kwa mrija, bila kuvuta, hata rangi igeuke kuwa ya kijani na kisha ya manjano, kwa sababu pumzi ina kaboni dayoksaidi. Sasa weka mpira wa pampu ya baiskeli ndani ya maji hayo na upige hewa kwa dakika kadhaa. Buluu itarudi. Hakuna aliyetia alkali. Kilichotokea ni kwamba asidi imepeperuka. Hodhi hufanya vivyo hivyo kila jioni.

Kifaa cha chumvi hakiliondoi tatizo hilo, ingawa huuzwa kana kwamba ni njia nyingine kabisa. Umeme hupitishwa katika maji yenye chumvi ya kawaida, klorini ikazaliwa kwenye elektrodi chanya, na ile klorini ni klorini. Faida yake ya kweli ni kwamba dawa hutengenezwa kidogo kidogo mchana kutwa badala ya kutiwa kwa mkono. Hasara yake ni pH inayozidi kupanda na, palipo na maji magumu, utando wa chokaa unaofunika elektrodi.

Kuna kosa moja la kuepukwa hasa. Vidonge vingi vya klorini vya mabwawa vina asidi sayanuriki, ambayo huikinga klorini isiharibiwe na jua. Katika bwawa la wazi hiyo ni busara. Katika hodhi lililofunikwa hakuna jua la kukinga, na kila kidonge huacha asidi zaidi majini, ikiishikilia klorini na kuipunguzia kasi ya kuua. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani hushauri isitumiwe kabisa katika mahodhi ya moto. Kituo hicho hutaka klorini isipungue miligramu 3 kwa lita, au bromini isipungue miligramu 4, na pH iwe kati ya 7.0 na 7.8.

Kwa maoni yangu, mwenye hodhi la nyumbani lenye kifuniko, asiyependa kazi nyingi, hufaidiwa zaidi na bromini. Asidi yake, HOBr, haiachani na hidrojeni upesi kama ile ya klorini. Hata pH ikipanda hadi 8.0, zaidi ya robo tatu yake hubaki katika umbo linaloua. Ikiungana na urea na amonia ya jasho, bado huendelea kuua, wakati klorini iliyoungana hivyo huwa karibu haina faida na hutoa ule mnuko mkali ambao watu hudhani ni wa dawa nyingi, kumbe ni wa dawa iliyokwisha. Zaidi ya hayo bromini hurudi kazini. Ukiyeyusha bromaidi ya sodiamu katika maji, ayoni zake hukaa kimya kama akiba, mpaka kioksidishi kiziamshe:

O₃ + Br⁻ → O₂ + OBr⁻

Ayoni hiyo ya OBr⁻ huchukua hidrojeni ya maji ikawa HOBr; kazi ikiisha, bromini hugeuka tena kuwa bromaidi na kusubiri. Ndivyo ozoni, ambayo peke yake haidumu, inavyopata pa kuweka nguvu yake. Kioksidishi kidogo cha klorini hutiwa baada ya kuoga ili kuamsha iliyobaki. Bei ya bromini ni kubwa kuliko ya klorini, na jua huiharibu upesi bila kinga yoyote. Kwa hiyo hodhi la hoteli lililo wazi juani siku nzima ni afadhali litumie klorini, na awepo mtumishi wa kuipima kila baada ya saa chache.

Usumbufu mdogo si sawa na usumbufu sifuri. Karatasi ya kupimia huchovywa kabla ya kila kuoga, jambo la nusu dakika. Kichujio huoshwa, na maji yanapobadilishwa mabomba husafishwa kwa dawa kali ya klorini, maana utando wa ute hukaa humo. Dawa za namna mbili zisichanganywe zikiwa kavu wala chombo cha moja kisitumiwe kwa nyingine: kalsiamu hipokloraiti ikikutana na vidonge vya asidi sayanuriki yaweza kulipuka, na klorini yoyote ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu.

Kuhusu siku ya kumwaga maji, kanuni inayotumika ni kugawanya lita za hodhi kwa 11, kisha kwa idadi ya waogaji wa kila siku. Hodhi la lita 1500 linalotumiwa na watu wawili litadumu siku 68. Wakiwa wanne, siku 34.