Modemu ya Setilaiti: Yaliyomkuta Kijana Wetu Nyarugusu



Katika mkutano uliopita wa kamati lilizuka shauri la kununua modemu ya setilaiti kwa ajili ya ghala letu la shamba, ambako simu hushika kwa bahati na hesabu za mizani hungoja mpaka apatikane mtu wa kuzipeleka mjini. Baadhi ya wajumbe walisema kwamba sahani ikishaelekezwa mbinguni kazi imekwisha. Sisi hatukuwa na hakika. Basi tuliposikia kuwa mtoto wa mwanachama mwenzetu, fundi wa mitambo hiyo huko Nyarugusu, Mkoa wa Geita, yuko nyumbani kwa mapumziko, tulimwita tukamsikiliza alasiri nzima.

Nyarugusu ni nchi ya dhahabu. Wachimbaji wadogo huteremka katika maduara, mawe hupandishwa kwa mifuko na kusagwa kwenye makarasha. Kila mfuko una mwenyewe, na usipoandikwa pana ugomvi. Mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa khabari hiyo. Tajiri wa mahali pale alikaa Mwanza, naye alitaka hesabu kila jioni.

Modemu ilipofungwa taa zote ziliwaka vizuri, lakini siku tatu hesabu hazikwenda. Wakailaumu mvua, wakailaumu setilaiti. Kumbe kosa lilikuwa chini, mezani. Modemu ilikuja na anwani ya IP 192.168.1.1, na ruta ya ofisi, iliyounganishwa nyuma yake, nayo ilikuwa na anwani hiyo hiyo. Anwani za namna hii ni za ndani ya nyumba, kila mtu aweza kuzitumia kwake, ndiyo maana hugongana upesi. Ruta ilipoona mtaa mmoja mbele na nyuma yake, haikujua barua ipitie wapi. Kijana aliibadilisha upande wa ofisi ikawa 192.168.50.1, akaiagiza kwamba kila kisicho cha mtaa huo kipelekwe kwa modemu. Hesabu zikaenda saa ile ile.

Zilikwenda kwa kuchelewa kidogo, nalo si kosa la mtu. Setilaiti ya aina ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, na jibu vivyo hivyo, na safari hiyo peke yake hula karibu nusu sekunde. Zile zizungukazo chini, kama za Starlink, ni nyepesi zaidi.

Sasa sikilizeni sehemu iliyotutia khofu. Tajiri alitaka kuifungua kompyuta ya mizani akiwa Mwanza. Kila anwani ina milango, mafundi huiita poti, yenye nambari mpaka 65535. Tajiri alikuwa amenunua anwani yake peke yake, ionekanayo duniani kote, kwa hiyo poti 3389 ikafunguliwa kwenye modemu ili aingie. Usiku ule ule wageni wasiojulikana walianza kubisha, wakijaribu nywila moja baada ya nyingine. Hawakuwa watu wenye kuijua Nyarugusu; ni mashine zipitazo kila anwani zikitafuta mlango ulio wazi. Nywila ilikuwa ngumu, alhamdulillahi, vinginevyo daftari la mifuko lingekuwa mikononi mwa mwizi.

Kijana aliufunga mlango. Badala yake aliifanya kompyuta ya mizani yenyewe itoke kwenda Mwanza kwa njia iliyofumbwa, iitwayo VPN, na tajiri akaingia kwa njia hiyo. Atokaye ndani hahitaji mlango wa nje kuachwa wazi.

Tukamwuliza: je, na sisi tununue anwani ya peke yetu? Akasema si lazima. Makampuni mengi huwapa wateja anwani ya shirika, mara nyingi ianzayo na 100.64 mpaka 100.127, na hapo hata mkifungua poti zenu zote mgeni hafiki, kwa kuwa lango kubwa liko kwa kampuni. Kwa VPN itokayo ndani hiyo yatosha.

Kwa hiyo tumeiandikia kamati kwamba, kabla ya kutoa fedha ya sahani, muuzaji aeleze kwa maandishi ni anwani gani atatupa, na fundi wake asifungue poti yoyote pasipo idhini ya katibu na mweka hazina. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ile ile, mbele ya mashahidi wawili. Mwenye swali afike ofisini Jumamosi asubuhi; kijana atakuwepo mpaka mwisho wa mwezi.