Ofisi ikiugua, dawa i mikononi mwa mkubwa

Je, wewe ni meneja, mkuu wa idara au msimamizi wa zamu? Basi makala haya yanakuhusu, hata kama huna maumivu yoyote.

Hivi majuzi alinijia karani mmoja wa makamo akilalamika kuumwa na kichwa. Nilipompima, shinikizo lake la damu lilikuwa juu, na tumbo lilimchoma kwa sababu ya tembe za kutuliza maumivu alizomeza kila siku. Nilipodadisi zaidi, alikumbuka kwamba kichwa humwanza Jumapili jioni na kutulia Ijumaa. Ofisini mwao watu hawasemezani, barua za onyo hutolewa bila mtu kusikizwa, na kosa la mmoja hutangazwa mbele ya wote.

Mtu anapoishi kwa hofu, mwili wake hutoa homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda kwa kasi na shinikizo la damu hupanda. Homoni hizi hutufaa tunapokimbia hatari, lakini hofu ikidumu kwa miezi, usingizi hupotea na moyo huumia. Nilimpa karani huyo dawa na kumwachisha zile tembe. Hata hivyo, kila Jumatatu anarudi kule kule alikougulia.

Mkubwa afanye nini?

Kwanza, sikiliza kabla ya kuhukumu. Mwite kila mmoja peke yake, umwulize kinachomkwamisha kazini, na usimtaje aliyekueleza. Kisha rekebisha jambo moja upesi, hata likiwa dogo, ili waone kwamba hukuwaita bure.

Pili, gawa kazi waziwazi. Ugomvi mwingi huzuka pale watu wawili wanapodai kazi moja, au kazi inapokosa mwenyewe.

Tatu, usimwadhibu anayekiri kosa. Katika miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza timu za wauguzi hospitalini, akakuta kwamba zilizoongozwa vyema ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya utoaji dawa. Alieleza kwamba hazikuwa zikikosea zaidi, bali hazikuogopa kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na ofisi ni vivyo hivyo.

Nne, sifu hadharani na ukaripie faraghani. Aidha, anayewanyanyasa wenzake asiachiliwe eti kwa kuwa ni hodari wa kazi. Mmoja kama huyo huwafukuza watano walio wazuri.

Tano, waache wapumzike. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya malipo isiyopungua siku 21 za kazi kwa mwaka. Sheria hiyo hiyo inataka mtu aelezwe kosa lake na kusikizwa kabla ya kufutwa kazi.

Nawe mfanyakazi, ikiwa kichwa kinakuuma mara kwa mara, usizoee kununua tembe dukani. Nenda upimwe shinikizo la damu. Kifua kikibana, nenda hospitalini mara moja, usingoje kesho.

Mkubwa, watazame watu wako Jumatatu asubuhi wanapoingia. Wakinyamaza ghafla wakikuona, anza matibabu siku hiyo hiyo.