Msitu wa Karura: Mali ya Wengi



Chama kilicho karibu na Nairobi kinachotaka kuwapeleka wanachama na watoto wao matembezini hakina haja ya kwenda mbali. Kaskazini ya jiji upo Msitu wa Karura, wenye hekta 1,000 hivi, uliotangazwa kuwa msitu wa Serikali mwaka 1932. Humo zimo njia za kutembea kwa miguu na kwa baisikeli, maporomoko ya maji, na mapango yaliyowasitiri wapiganaji wa Mau Mau. Zipo pia nafasi wazi ambapo watoto hucheza na jamaa hula kivulini. Kiingilio hulipwa. Chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku tangu Juni 2020. Basi kila mtu achukue chupa ya kudumu.

Raha hiyo haikupatikana bure. Katika miaka ya 1990 sehemu za msitu ziligawiwa watu binafsi ili wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda mti. Hawakukata tamaa. Baadaye, Sheria ya Misitu ya 2005 iliwaruhusu wananchi kuunda vyama vya kutunza misitu pamoja na Serikali. Kwa njia hiyo Marafiki wa Karura walisaidia kuweka ua na walinzi, na mahali palipoogopwa kwa sababu ya majambazi pakawa pa watoto.

Wanaushirika tuzingatie: mali ya wengi isiyotembelewa na wenyewe hunyakuliwa kwa urahisi.