Baridi humkamata mwendesha baiskeli mteremkoni

Kuanzia Juni hadi Agosti, kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hakina mzaha. Uwanda wa Kitulo, ulioko takriban mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, hupata sakitu usiku. Barabara za udongo za wilaya ya Makete, uliko uwanda huo, nazo ni tamu kwa baiskeli: vilima, mashamba ya viazi na pareto, magari ya kuhesabu. Wengi huogopa baridi ya kupanda mlima. Ya kuogopwa ni ile ya kushuka.

Misuli ikikanyaga pedali, karibu robo tu ya nishati inayotumika ndiyo husukuma baiskeli. Iliyobaki hugeuka joto. Ndiyo maana mtu hutokwa jasho mlimani hata kukiwa na nyuzijoto 5. Akifika kileleni fulana imelowa chapachapa. Hapo anaacha kukanyaga, joto la misuli linakatika, na baiskeli inashika kasi. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, kwa hiyo nguo iliyolowa humnyonya joto badala ya kumkinga. Upepo humalizia kazi: kwa kipimo kinachotumika Canada na Marekani tangu 2001, hewa ya nyuzijoto 5 inayopiga kwa kilomita 40 kwa saa huhisiwa na ngozi tupu kama nyuzi 1 chini ya sifuri. Dereva wa bodaboda anaijua hali hii vizuri, maana yeye hapati hata lile joto la kupanda.

Mwili hujihami kwa kubana mishipa ya damu ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vibaki na joto. Vidole vinakufa ganzi wakati ule ule breki zinapohitajika, na rimu zilizolowa kwa ukungu hushika vibaya. Anza kufunga breki mapema.

Dawa ni rahisi. Panda ukiwa na nguo chache, zipu wazi. Kileleni vaa fulana kavu, glavu na jaketi la kuzuia upepo kabla ya kushuka, si katikati ya mteremko. Huna jaketi? Waendesha baiskeli wa Tour de France walizoea kupachika gazeti kifuani kileleni. Mwenye pumu asiache dawa yake ya kuvuta, kwani hewa baridi na kavu hubana njia za pumzi.

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzijoto 35, mtu hutetemeka, ulimi huwa mzito na hatua humpotea. Mkinge na upepo, mvue nguo mbichi, mfunike, mpe chai ya sukari kama anaweza kumeza, kisha mpeleke hospitali. Ulanzi usimpe: pombe hutanua mishipa ya ngozi, akajiona amepata joto kumbe anazidi kulipoteza.