Sabuni ya nyumbani yataka mizani, si kukisia

MWANAGENZI wa kutengeneza sabuni bila kuipika huponzwa na kukisia. Kila aina ya mafuta ina kipimo chake cha kostiki soda: gramu 500 za mafuta ya nazi, kwa sabuni ya kufulia, huhitaji takriban gramu 87 za kostiki na 200 za maji. Kostiki ikizidi, sabuni huchoma ngozi.

Vaa glavu na miwani. Tia kostiki kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki, yasije yakachemka ghafla na kukurukia. Epuka sufuria ya alumini, kwani huliwa na kostiki.

Mchanganyiko ukipoa, umimine katika mafuta yaliyoyeyushwa, ukoroge hadi uwe kama uji mzito, kisha uutie katika chombo cha plastiki. Sabuni ikishaganda, ikate vipande, uvianike kivulini wiki nne hadi sita vikauke.